Nani Avumilie Kiu?

Hivi, msomaji mwenzangu, ua linaweza kuwa dhambi?

Ukiulizwa swali hilo kijiweni utacheka. Ua ni ua, bwana! Linapendeza, linanukia, likinyauka linang'olewa na maisha yanaendelea. Lakini hebu pita mjini Moshi mwezi wa pili, kabla ya masika kuanza, au mwezi wa tisa, vuli ikiwa bado mbali. Vumbi limetanda juu ya mabati na majani ya miembe. Mlima wenyewe umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria. Ndani ya ukuta mmoja utaona mpira wa maji umelazwa kwenye nyasi za kapeti tangu jua linachomoza, maji yanatiririka mpaka barabarani. Mitaa miwili mbele utaona madumu ya njano yamepangwa foleni kwenye bomba, na wenye madumu wamekaa chini wanangoja zamu. Hapo swali linaacha kuchekesha. Linakuwa swali kama maswali mengine mazito, yale ambayo wazee wetu waliyamaliza barazani na sisi tunayakimbia.

Najua wapo watakaoniambia, "Ndugu yangu, mambo ya bustani mwachie bwana shamba. Hapa tunataka fasihi." Sawa. Bwana shamba atakueleza mmea gani unastahimili ukame, upandwe lini, umwagiwe kiasi gani. Hatakueleza kwa nini uupande. Mwaka 1981, katika mji wa Denver huko Marekani, watu wa idara ya maji walibuni jina rasmi la bustani za namna hii, bustani kavu, na tangu hapo vitabu vimeandikwa vingi na picha zake ni nzuri kweli kweli. Lakini kila anayesimama mbele ya kitalu na kuamua achukue mche huu auache ule, ajue asijue, anajibu maswali matatu. La kwanza, maji haya ni ya nani? La pili, yakipungua, apungukiwe nani kwanza? La tatu, na hili ndilo linaloniwasha, je, uvumilivu ni sifa njema au ni kisingizio cha kumnyima anayevumilia?

Tuanze na mahali penyewe. Kilimanjaro ni mlima wa ngazi. Kwenye ukanda wa msitu, upande wa kusini, mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka. Ukishuka hadi Moshi mjini unakuta chini ya nusu ya hiyo. Ukishuka tena kuelekea Kahe na Same inazidi kupungua, mpaka unaingia nchi ya migunga na mavumbi. Yaani kwa nauli ya daladala moja au mbili unaweza kutoka kwenye ukungu na magimbi ukafika kwenye miiba. Watu wengi wanadhani maji yetu yanatoka kwenye ile barafu ya kileleni. Barafu kweli inaisha: mwaka 1912 ilifunika kama kilomita 12 za mraba, mwaka 2000 zilikuwa zimebaki chini ya 3, na tangu hapo imeendelea kuliwa. Inasikitisha, na picha zake zimezunguka dunia nzima. Lakini mito na chemchemi zetu, Karanga, Rau, Njoro na nyinginezo, zinategemea hasa mvua na ukungu unaodakwa na msitu. Msitu ndio tangi. Barafu ni kofia.

Sasa chukua kalamu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani ya nyasi yenye mita 10 kwa 10, wakati wa jua kali, inapoteza kama milimita 4 hadi 5 kwa siku. Kuirudishia kiu yake unahitaji lita 400 hadi 500 kila siku, yaani ndoo kubwa 20 hadi 25. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na afue kama binadamu. Basi nyasi zile za kapeti, ambazo hakuna ng'ombe anayezila wala mtoto anayeruhusiwa kuzikanyaga, zinakunywa maji ya watu wanne kwa uchache. Hesabu hiyo haina itikadi. Ni kuzidisha na kugawanya tu, mambo ya darasa la tano.

Mwenye nyasi atakujibu, na tumsikilize kwa heshima kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Atasema, "Kijana, mimi nalipa bili. Mita inasoma, naenda kulipa, sijamwibia mtu. Wewe unayeshangaa nyasi zangu, umeshangaa soda unayokunywa imetumia maji kiasi gani?" Hoja hii utaisikia Shanty Town, ule mtaa wenye miti mikubwa na nyumba za maana ambao jina lake, kwa kejeli ya historia, kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda. Lakini usidhani ni hoja ya matajiri peke yao. Utaisikia Majengo, utaisikia Pasua, popote ambapo mtu amepata kamita kake na kabomba kake uani. Kilichonunuliwa ni changu. Nani aniambie nikifanyie nini?

Mimi nadhani bili inanunua kazi: bomba, dawa, mota, mshahara wa fundi. Haiwezi kununua mvua. Ukilipa mara mbili, msitu hautadaka ukungu mara mbili. Hata sheria ya nchi, ile ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009, inasema maji yote ni mali ya umma, na mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia kabla ya mengine. Kwa hiyo anayelipa bili amelipia kuletewa, siyo kumiliki. Tofauti hiyo ni ndogo wakati wa masika. Kiangazi kikiingia ndiyo inakuwa tofauti kati ya jirani na jirani.

Na hapa ndipo ninapoona ajabu. Sisi watu wa mlima huu tuliwahi kulijua jambo hili kwa vitendo kabla hata ya sheria kuandikwa. Mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye makorongo hadi kwenye vihamba, wageni wa karne ya 19 waliikuta inatiririka wakashangaa. Mfongo ulikuwa wa ukoo au wa koo kadhaa. Ulikuwa na mzee wake. Kulikuwa na zamu, na zamu ikiisha unaziba upande wako maji yaende kwa mwenzako. Siku ya kusafisha mfongo usipotokea na jembe, faini inakuhusu. Aliyefungulia maji usiku kwa siri aliitwa mwizi kama mwizi wa mbuzi. Haikuwa paradiso, watu waligombana sana tu, na wasiokuwa na ukoo wenye nguvu hawakuwa na sauti. Lakini wazo lilikuwa wazi: maji yanapita kwako, hayaishii kwako. Mwaka 2009 mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kusimamia mali ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe bila kuiangamiza. Wazee wa mfongo wangemsikiliza, wakamkaribisha mbege, wakamuuliza, "Kumbe ninyi huko mlikuwa hamjui?"

Kisha tazama kilichotokea tulipoisahau zamu. Chini ya mji, kule Mabogini na Chekereni, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini kwa msaada wa Japani, ukakamilika mwaka 1987. Maji ya Njoro na Rau yakaletwa mashambani kwa mifereji ya saruji, mpunga ukastawi, watu wakapata hela. Mafanikio hayo yakaonekana. Wakulima walioko juu zaidi ya mito hiyo, nje ya mradi, nao wakasema kwa nini sisi tusilime? Wakachota. Maji yakapungua chini, mashamba yaliyokuwa yamepangiwa maji yakakosa. Sasa niambie, mwizi hapo ni nani? Hakuna. Kila mtu alifungua kidogo tu, kwa ajili ya watoto wake. Na bado kuna aliyebaki anatazama mfereji mkavu. Ndiyo maana naogopa neno "kidogo tu" kuliko neno "wizi". Mwizi anajulikana na anakimbizwa. "Kidogo tu" inakaribishwa chai.

Lakini nisijipe ushindi wa bure. Kuna pingamizi lingine zito, nalo linatoka kwa washikaji wenye akili. Wanasema: "Hata ukipanda miiba uani kwako, maji uliyookoa hayatashuka yenyewe mpaka Chekereni. Yatatumiwa na mwingine kuoshea gari. Wewe utabaki na bustani mbaya na moyo wa kujisifu." Ni kweli. Ndoo yangu haina anwani. Maji ya mji yanatoka kwenye chemchemi za mlimani na visima, yanaingia kwenye matangi, yanagawiwa. Siwezi kuandika jina la mtoto fulani wa Msaranga kwenye lita nilizoacha.

Jibu langu ni hili. Anayekosa kwenda kusafisha mfongo anaweza kusema maneno hayo hayo: "Jembe langu moja likikosekana mfongo hautaziba." Na ni kweli, jembe moja halizibi mfongo. Wakisema hivyo watu 40, kila mmoja akiwa na hoja sahihi, mfongo unaziba. Kwa hiyo kuna kweli ambazo ukizichukua peke yako ni kweli, mkizichukua wote zinakuwa uongo. Kazi ya maadili, kwa maoni yangu, ni kutushika mkono hasa kwenye kweli za namna hiyo. Nikikataa nyasi za kapeti sisemi kwamba nimemnywesha mtu. Nasema nimeshika jembe langu. Mengine ni ya mkutano wa mtaa, ya diwani, ya mamlaka ya maji, na huko nako inabidi twende. Bustani kavu isiwe kisingizio cha kutokwenda mkutanoni.

Haya, tupande nini basi? Hapa kuna mtego wa kwanza, nao ni mtego wa uzalendo. Watu wanasema, "Panda cha kwetu, cha kwetu ndicho kinachovumilia." Siyo lazima. Kuna ua moja dogo jekundu na njano linaloitwa kitaalamu Impatiens kilimanjari. Duniani kote linaota porini kwenye mlima huu tu. Uzalendo gani zaidi ya huo? Lakini ni la msitu wenye unyevu. Lishushe mpaka Soweto, lipande kwenye jua la saa nane, kesho kutwa utalizika. Angalia pia lile ua la zambarau la Usambara ambalo mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka mbegu zake kwao, likapewa jina lake la Saintpaulia, na leo linakaa madirishani Ulaya nzima. Ni Mtanzania halisi, lakini linataka kivuli na ubaridi. Upande wa pili, jakaranda inayotupamba mitaani mwezi wa kumi asili yake ni Amerika ya Kusini. Bogenvilia imetoka huko huko, na ukiinyima maji kidogo ndiyo kwanza inachanua. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida: iliondoka miche 1000, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 nchi nzima ikajaa mkonge. Basi usimuulize mmea cheti cha kuzaliwa. Muulize: hapa ulipo, utaishi kwa mvua ya hapa?

Ukiuliza hivyo utapata majibu mengi mazuri. Mshubiri, kwa mfano, una ujanja wa kusifiwa. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na hapo ndipo maji yanapopotea. Mshubiri na mkonge huvifunga mchana, huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, huvuta hewa na kuiweka akiba mpaka jua litoke ndipo uipikie chakula. Yaani unafanya manunuzi usiku, unapika mchana milango ikiwa imefungwa. Kuna waridi la jangwani, lenye shina nene kama tumbo la chifu, linaota lenyewe mwituni kule Same na maua yake ya waridi yanatoka hata majani yakiwa hayapo. Kuna minyaa ya uzio, ingawa utomvu wake ukiingia jichoni ni kasheshe, kwa hiyo mwenye watoto wadogo afikiri. Kuna ukoka wetu huu wa kawaida, ambao kiangazi unageuka kahawia ukajifanya umekufa, mvua ya kwanza unaamka. Kwa nini tunaona aibu nyasi zikiwa kahawia mwezi wa tisa? Nani alituambia kwamba ardhi yenye heshima lazima iwe kijani mwaka mzima? Huko Uingereza nyasi ni kijani kwa sababu mvua inanyesha, siyo kwa sababu watu wake ni wastaarabu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Ni kudhani kwamba kinachovumilia ukame ni chema moja kwa moja. Waulize watu wa Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge, wenye asili ya Amerika, uwaokoe na jangwa. Ulivumilia kweli! Ulivumilia mpaka ukameza malisho, ukafunga njia, ukasogea hadi maeneo ya maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi walikuwa mahakamani Nairobi, na mbuzi asiye na meno akaletwa kama ushahidi. Watu wengine walicheka. Mimi naona mbuzi yule alitoa hotuba ya falsafa bila kufungua mdomo. Alisema hivi: kuishi kwenye shida siyo wema peke yake. Wapo wanaoishi kwenye shida kwa kunywa sehemu ya kila mtu. Mmea mzuri wa bustani kavu una sifa mbili, unavumilia, na unamwachia jirani nafasi. Ukikosa ya pili, ya kwanza ni hatari tupu.

Sasa nifike kwenye lile swali linaloniwasha.

Lugha yetu inapenda uvumilivu kupita kiasi. Mvumilivu hula mbivu. Subira yavuta heri. Methali hizi ni tamu, na zimewatia watu moyo kwenye magumu mengi. Lakini sikiliza ni nani anazisema, na anamwambia nani. Mara nyingi aliyeshiba anamwambia mwenye njaa. Mwenye bomba anamwambia mwenye dumu. Mume anamwambia mke. Na juu ya methali hizo limeota neno moja baya kuliko yote, neno "wamezoea". Wale wa tambarare kukosa maji? Aah, wamezoea. Dada wa kazi kuamka saa kumi kuchota? Amezoea, kwao walikuwa wanafuata maji mbali zaidi. Mtoto wa uswahilini kuoga kopo moja? Wamezoea hao. Kumbe ndivyo tunavyousema hata mmea: huo hauhitaji maji, umezoea.

Naomba tuwe waangalifu hapa, kwa sababu anayehubiri mimea ya ukame anaweza, bila kutaka, kuwa anahubiri kwamba wavumilivu wasipewe kitu. Na mmea wenyewe unakanusha. Muulize yeyote aliyewahi kuotesha: hakuna mche unaozaliwa mvumilivu. Mshubiri, mkwaju, bogenvilia, yote hiyo ukiipanda katikati ya kiangazi ukaiacha, inakufa. Unaipanda masika yanapoanza. Unaitengenezea kisahani cha udongo maji yasikimbie. Unaiwekea matandazo, majani makavu ya migomba yanafaa sana, ili ardhi isichomwe na jua. Unaimwagia jioni au alfajiri, siyo saa saba mchana. Msimu wa kwanza unaitunza kama mtoto, mizizi ishuke. Ikishashuka ndipo inakuwa mvumilivu. Uvumilivu wake ni maji uliyompa zamani, ameyageuza mizizi. Kwa hiyo ukimwona mtu anavumilia, uliza kwanza ni nani aliyemnywesha alipokuwa mche. Ukigundua hakuna aliyemnywesha, basi hicho unachokiona hakiitwi uvumilivu. Mtu huyo anakauka mbele ya macho yako polepole, na wewe unamsifia.

Kutokana na hayo napata kanuni moja, nayo ni rahisi kuisema na ngumu kuifuata. Uvumilivu ni sadaka unapoutoa mwenyewe, ni dhuluma unapoudai kwa mwingine. Mwenye mita akiamua kuacha nyasi za kapeti akapanda mishubiri, amepunguza kiu yake mwenyewe. Huo ni wema. Mwenye mita akimwambia wa foleni apunguze matumizi ili nyasi ziendelee, hata akisema kwa upole na kwa methali, huo ni ubabe. Kiu ikija, aanze kuvumilia mwenye uwezo wa kuchagua. Asiye na cha kuchagua amekwisha vumilia tangu jana.

Wapo watakaoogopa kwamba nataka tuishi kwenye mawe na miiba kama mapadri wa jangwani. La hasha. Sina ugomvi na uzuri. Kuna kina mama kule Pasua na Njoro ambao wamepanga makopo ya mafuta ya kupikia mbele ya nyumba, na ndani ya makopo kuna maua, mengine hata waridi, yanayonyweshwa maji yaliyooshea mchele na mboga. Maji yale yamekwisha mpikia mtu, yanamaliza kazi kwenye ua. Ukimwambia mama yule kwamba ua lake ni dhambi, utakuwa umekosa adabu, na pia utakuwa umekosea hesabu. Masikini ana haki ya ua. Tajiri ana haki ya ua. Asiye na haki ni ua linalomkalia mtoto wa watu kwenye foleni.

Tena uzuri wenyewe unajifunzika. Tulifundishwa kupenda bustani za picha za kalenda, na tunaweza kujifunza upya. Nenda Shimbwe Juu, ambako mwaka 2011 shirika la FAO liliuweka mfumo wa kihamba kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Utaona migomba, kahawa, magimbi, maharage, miti mirefu juu, kila mmoja kwenye ngazi yake, kivuli cha mmoja ni unyevu wa mwingine. Hakuna mita moja ya kapeti. Na hakuna anayethubutu kusema si pazuri. Kule chini Moshi kwenye jua hatuwezi kuiga mimea yake, tunaweza kuiga adabu yake: wenye kiu kubwa wakae pamoja karibu na nyumba wapate maji ya vyombo, wavumilivu wakae mbali, mwenye kivuli amfunike asiye nacho.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo limenifurahisha. Kila mtoto wa Kichaga anayajua masale. Yanapandwa mipakani, kwamba hapa ni pangu na pale ni pako. Na ukimkosea mtu, ukaenda kwake na jani la sale, anatakiwa akusikilize, kwa sababu sale ni ombi la amani. Huko tambarare, kwenye miiba, kuna mmea mwingine wa majani marefu magumu kama mikuki, watu huuita mkonge pori, unaoishi kwa maji kiasi cha kuchekesha. Wanasayansi waliuita Sansevieria kwa muda mrefu, ukawa na ukoo wake. Katika miaka ya 2010 walipochunguza chembe za urithi waliamua kwamba ukoo huo uunganishwe na ule wa masale, Dracaena. Yaani mmea wa amani wa mlimani na mvumilivu wa kule porini ni ndugu wa ukoo mmoja, mmoja amekaa kwenye mvua na mwingine kwenye ukame. Kwa mimea hiyo ni suala la majina tu. Kwa watu wanaokaa juu na chini ya mto mmoja ni suala la kesho asubuhi, nani afungue koki na nani angoje.

Na ninyi mnaoandika, vijana wenzangu, msidhani mmepona. Ni mashairi mangapi yetu yana theluji inayodondoka, na waridi lenye umande, wakati mwandishi hajawahi kuliona umande wake ila kwenye kadi? Hakuna anayekataza waridi. Lakini lugha nayo ina mvua yake. Andikeni pia ukoka uliojifanya umekufa, andikeni vumbi la mwezi wa tisa, andikeni foleni ya madumu na wanaoongea humo. Wengine humo wana hoja kali kuliko hii yangu.

Mimi nimesema upande wangu. Mwenye nyasi za kapeti akitaka kunijibu, aandike, kurasa zipo. Ila anijibu kwanza hili: kiangazi kijacho, katika mtaa wenu, nani ataanza kuvumilia, na nani aliyeamua hivyo?